Kuunga Chuma kwa Kupekecha: Hesabu Ianze kwa Chaki

Katika gereji za Bunda, kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma, hapakosi kuonekana kopo au sanduku lililojaa vali kuukuu zilizong'olewa katika injini za malori, matrekta na mashine za kusaga nafaka. Aghalabu vali hizo huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hata hivyo, ndani ya vali ya kutolea moshi mna somo la fizikia lisilohitaji maabara. Mwanafunzi achukue sumaku ndogo, aipitishe juu ya fimbo ya vali kuanzia mkiani. Sumaku itashika. Kisha aisogeze polepole kuelekea kichwani; katika vali nyingi atafika mahali ambapo sumaku inaachia ghafula, kana kwamba chuma kimekwisha. Jicho halioni mpaka wo wote hapo. Fimbo ni nyororo na inang'aa sawasawa pande zote mbili. Lakini sumaku haikosei: hapo ndipo vipande viwili vya chuma cha pua, vyenye asili mbili tofauti, vilipounganishwa kuwa kimoja.

Sababu ya kuunganisha si ngumu kueleza. Kichwa cha vali hukaa katika moshi wa moto mkali muda wote injini inapofanya kazi, na kwa hiyo hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kromi nyingi na madini mengine yanayokifanya kistahimili moto. Chuma cha namna hiyo ni cha ghali, na hakivutwi na sumaku. Fimbo nayo haihitaji kustahimili moto kiasi hicho. Inahitaji kuwa ngumu ili isilike inapopanda na kushuka maelfu ya mara kila saa. Kutengeneza vali nzima kwa chuma cha kichwa ni kupoteza fedha, na kuitengeneza nzima kwa chuma cha fimbo ni kuialika iungue. Basi viwanda huviunga vipande hivyo viwili, na huviunga bila moto wa gesi, bila vijiti vya umeme, na bila kuyeyusha kitu.

Kipande kimoja hushikwa imara kisizunguke. Cha pili huzungushwa kwa kasi kubwa, kisha nyuso za vipande hivyo hugandamizwa. Msuguano huzaa joto, chuma hulainika, mzunguko husimamishwa ghafula, na mgandamizo huongezwa kwa muda mfupi. Kazi nzima huchukua sekunde chache. Lugha ya Kiswahili ina neno la tendo hilo tangu zamani, nalo ni kupekecha. Mchungaji aliyezungusha kijiti juu ya kipande cha ubao mpaka kikatoa kaa la moto alitumia kanuni ileile, ila yeye alitafuta moto, na kiwanda kinatafuta kiungo.

Hati ya kwanza ya uvumbuzi wa kutumia joto la msuguano kwa kuunga vyuma ilitolewa Marekani mwaka 1891 kwa jina la J. H. Bevington. Ufundi wenyewe ulikomaa baadaye sana, katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1950, kutokana na kazi ya fundi aitwaye Chudikov. Miaka ya 1960 ulienea katika viwanda vya injini, vya ekseli na vya mabomba ya kuchimbia visima. Mwaka 1991 taasisi ya uchomeleaji ya Uingereza, TWI, ilileta namna nyingine: badala ya kupekecha vyuma vyenyewe, pini ngumu inayozunguka huchomekwa kati ya mabamba mawili ya alumini na kusogezwa taratibu kwenye mstari wa kiungo, ikiyakoroga kama mwiko unavyokoroga ugali mzito sufuriani.

Kazi zote hizo leo husindikizwa na kompyuta. Kabla mashine haijazunguka, mhandisi huigiza tendo zima kwa hesabu: joto litazaliwa kiasi gani, litakimbilia wapi, chuma kitalainika kina gani, kitatiririka kuelekea upande upi. Mwigo huo huonyeshwa kwa picha za rangi, nyekundu mahali pa moto na buluu mahali pa baridi. Picha hizo zinapendeza, na hapo ndipo penye hatari.

Siku hizi shule za sekondari zinapopata kompyuta, hata kama ni chache, huzuka maoni ya aina mbili. Wa kwanza husema kwamba mambo kama mwigo wa joto na mtiririko wa metali ni ya vyuo vikuu vya nchi tajiri. Shule isiyokuwa na karakana wala umeme wa hakika haina haja nayo, na ingoje. Wa pili husema zinunuliwe kompyuta zaidi na programu zilizokamilika, mwanafunzi abonyeze, aone rangi, naye atakuwa ameingia katika sayansi ya kisasa. Maoni yote mawili yana kasoro moja: yanadhani kwamba mwigo umo ndani ya mashine. La hasha. Mwigo ni hesabu, na hesabu hiyo inaweza kuanza ubaoni, kwa chaki, katika shule yo yote ya Musoma, Bunda au Butiama. Kompyuta huja baadaye, kwa sababu ya wingi wa hesabu na si kwa sababu ya ugumu wake.

Mkoa wa Mara una kumbukumbu inayohusu jambo hili. Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Azimio hilo hukumbukwa zaidi kwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, lakini lilitaka pia masomo yafungamane na kazi, na mtihani wa karatasi usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Mwaka huohuo serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na matumaini yaliyowekwa juu ya mashine hizo yalikuwa yamezaa gharama kuliko faida. Zuio hilo lililegezwa baadaye, na hakuna mwenye akili anayetaka lirudi. Lakini mambo hayo mawili ya mwaka 1974, yakitazamwa pamoja, yanauliza swali ambalo bado halijajibiwa vizuri: mashine ya kufikiri ina faida gani pale ambapo kufikiri hakujafungamanishwa na kazi ya mikono?

Tuseme, kwa mfano, kuna fimbo mbili za chuma cha pua zenye kipenyo cha milimita 20. Moja inazungushwa mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, na zinagandamizwa kwa niutoni 50 juu ya kila milimita mraba. Eneo la uso ni milimita mraba 314. Kwa hiyo kani yote ni niutoni 15,700, ambayo ni uzito wa tani moja na nusu na zaidi kidogo. Kizigeu cha msuguano, yaani sehemu ya kani hiyo inayogeuka kuwa upinzani wa mwendo, kichukuliwe kuwa 0.3. Ukingo wa fimbo una mwendo wa haraka, na kitovu chake hakiendi po pote. Ukitafutwa wastani sahihi wa uso mzima, hupatikana theluthi mbili za mwendo wa ukingoni. Ukingo wenyewe huenda mita 1.57 kwa sekunde. Basi theluthi mbili, mara 0.3, mara 15,700, mara 1.57, ni wati 4,900 na ushei. Kwa sekunde 5 joto linalozaliwa ni karibu jouli 25,000.

Je, hicho ni kiasi kikubwa? Kikitiwa katika lita moja ya maji, maji hayatapanda hata digrii 6 za Sentigredi. Mtu hawezi kuogea. Lakini hapa joto lote limezaliwa katika uso usiozidi sarafu kwa ukubwa. Tuchukue milimita 10 za kila fimbo karibu na kiungo. Uzito wake kwa pamoja ni gramu 49, na chuma cha pua huhitaji takriban jouli 500 kwa kila kilo ili kipande digrii moja. Jouli 25,000 zinatosha kukipandisha kipande hicho digrii 1,000. Mwanafunzi anayejua tofauti ya joto na jotoridi kwa maneno tu, hapa ataijua kwa namba: joto lilelile, jotoridi mbili zisizofanana hata kidogo.

Hadi hapa ni hesabu ya kidato cha tano, na jibu si baya. Lakini si sahihi, na kueleza kwa nini si sahihi ndiyo thamani yake. Chuma cha pua hakihitaji jouli 500 siku zote. Kinapokaribia digrii 750 hivi, muundo wake wa ndani hubadilika na humeza joto jingi zaidi. Joto halisubiri katika zile milimita 10. Linakimbia kuelekea mkiani mwa fimbo. Na kilicho kikubwa kuliko vyote, kizigeu cha 0.3 hakidumu. Chuma kinapolainika, upinzani wake hupungua, na upinzani ukipungua, joto linalozaliwa hupungua pia. Kikipoa kidogo, upinzani hurudi. Kwa hiyo tendo hili hujizuia lenyewe, nalo huishia chini ya kiwango cha kuyeyuka, ambacho kwa chuma cha pua ni karibu digrii 1,500. Hiyo ndiyo sababu ya msingi kwamba vali haina dalili ya chuma kilichoyeyuka na kuganda upya. Ni kazi ya mhunzi, si ya msubu: mhunzi naye hupasha vyuma viwili mpaka viwe laini, akaviunga kwa nyundo pasipo kuviyeyusha.

Kila kitu kinapobadilika kwa kutegemea kingine, njia iliyobaki ni kukata muda katika hatua ndogo na chuma katika vipande vidogo, na kupiga hesabu ya kila kipande katika kila hatua. Hiyo ndiyo maana yote ya mwigo wa kompyuta. Ubaoni unaweza kufanywa hivi. Fimbo igawanywe katika vipande vya milimita 2. Kwa chuma cha kawaida, hatua ya wakati ikiwa sehemu ya sita ya sekunde, kanuni huwa nyepesi ajabu: jotoridi mpya ya kila kipande ni wastani wa jirani zake wawili. Zihesabiwe digrii zinazozidi hewa ya nje. Uso wa kiungo ushikiliwe kwenye 1,000, na vipande vingine vianze na sifuri. Baada ya hatua ya kwanza kipande cha kwanza kina 500, vilivyobaki sifuri. Baada ya hatua ya pili: 500, 250. Ya tatu: 625, 250, 125. Ya nne: 625, 375, 125, na kipande cha nne kimepata 62 na nusu. Darasa zima linaweza kushiriki, kila mwanafunzi akiwa kipande kimoja cha chuma, akitazama namba za jirani zake wa kulia na kushoto na kuandika yake. Katika robo saa joto litakuwa limesafiri dawati kwa dawati hadi ukuta wa nyuma.

Kisha mwalimu afanye kosa kwa makusudi. Aongeze hatua ya wakati mara mbili, iwe theluthi ya sekunde, kama mtu mvivu anayetaka kumaliza haraka. Kanuni sasa inakuwa: jumla ya jirani wawili, toa namba yako mwenyewe. Hatua ya kwanza: 1,000. Hatua ya pili: sifuri, 1,000. Hatua ya tatu: 2,000 na hasi 1,000. Kipande kilichopashwa na uso wa digrii 1,000 kimekuwa na 2,000, moto kuliko moto uliokipasha. Na jirani yake amekuwa baridi kupita hasi 273, ambapo fizikia haijui kitu cho chote kilicho baridi zaidi. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kosa limo katika hatua iliyokuwa ndefu mno, na kompyuta iliyopewa hatua hiyo ingetoa upuuzi uleule bila haya, ikiupaka rangi nzuri ya buluu na nyekundu. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo ubaoni hataiamini picha kwa sababu tu inapendeza. Aliyeanza kwa kubonyeza hana silaha ya namna hiyo.

Joto ni nusu ya shauri; nusu nyingine ni mtiririko wa metali yenyewe, na hapa hesabu huwa nzito kweli. Chuma kilicholainika si maji wala si jiwe. Husukumwa kutoka kitovuni kwenda ukingoni na kujikunja nje kama ukosi wa shati. Ukosi huo una kazi: kutu, mafuta na uchafu uliokuwa juu ya nyuso hubebwa nao nje ya kiungo, na chuma safi hukutana na chuma safi. Fundi huukata baadaye, na ndiyo maana fimbo ya vali ni nyororo. Ukosi ukiwa mdogo mno, uchafu umebaki ndani. Ukiwa mkubwa mno, chuma kimepotea bure. Mwigo hukichukua chuma hicho kama umajimaji mzito kupita kiasi, ambao uzito wake hubadilika kwa jotoridi na kwa kasi ya kukorogwa. Namba za uzito huo hazipatikani kwa kufikiri. Hupatikana kwa kupasha chuma na kukiminya katika mashine ya kupimia, na namba ikikosewa, ukosi wa kwenye picha haufanani na ukosi wa kwenye meza. Katika uungaji wa alumini kwa pini, watafiti hutia chembe za metali nyingine katika njia ya pini, kisha hukata kiungo na kutazama zimetupwa wapi. Chembe hizo ndizo zinazoamua kama mwigo umesema kweli.

Wapo wanaodhani kwamba kupima ni kazi ya watu wenye vyombo vya thamani. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wahaya, wazee walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma miaka ya 1970 mbele ya Peter Schmidt na Donald Avery, na jotoridi za ndani zikapimwa. Taarifa yao ya mwaka 1978 kuhusu ufundi huo, wenye umri wa karibu miaka 2,000, ilisomwa duniani kote, na ubishi kuhusu hewa ilivyopata joto ndani ya mirija ya udongo uliendelea kwa miaka mingi. Ubishi huo uliwezekana kwa sababu palikuwa na namba za kubishania. Na mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa alipokuwa akitengeneza askirimu. Darasani alichekwa. Baadaye alipima pamoja na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maandishi yao yakatoka mwaka 1969. Wataalamu hawajaafikiana hadi leo, lakini wanaobishana wanabishana kwa vipimajoto.

Msomaji wa Bunda anaweza kuuliza: mashine ya kupekecha chuma haipo hapa, hesabu hii itamsaidia nani? Swali ni la haki. Jibu lipo katika mashine ya kusaga iliyovunjika shafti. Fundi huiunga shafti kwa umeme, huipiga msasa, mashine hurudi kazini, na baada ya siku chache shafti hukatika tena. Si kwenye mshono, bali pembeni yake. Akina mama waliokuja na debe la mahindi au la muhogo mkavu hurudi walivyokuja, au hutembea hadi kijiji kingine. Fundi hulaumu vijiti, mwenye mashine humlaumu fundi. Mara nyingi kosa ni la joto. Shafti hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha kukifanya kiwe kigumu. Ikichomelewa ikiwa baridi, ule mwili mzima wa chuma kinene hunyonya joto la mshono kwa kasi, na ukanda ulio kando ya mshono hupoa kana kwamba umetumbukizwa majini. Chuma cha namna hiyo kikipoa ghafula huwa kigumu na chepesi kuvunjika.

Mafundi wazoefu hulijua jambo hili kwa mikono. Hupasha shafti kwa mkaa kwanza, na wakimaliza huifukia katika majivu au mchanga mkavu. Wasichokijua wengi ni kiasi. Hesabu iliyochapishwa na Daniel Rosenthal katika miaka ya 1940 inaonyesha kwamba katika kipande kinene, kasi ya kupoa katika jotoridi fulani hufuata mraba wa tofauti kati ya jotoridi hiyo na ile ambayo kipande kilianza nayo. Tazama digrii 550. Shafti iliyoanza na digrii 30 ina tofauti ya 520; iliyopashwa kwanza hadi 250 ina tofauti ya 300. Mraba wa 520 ni 270,400, na mraba wa 300 ni 90,000. Shafti iliyopashwa inapoa polepole mara tatu.

Musoma ina shule ya sekondari ya ufundi, na Butiama kumewekwa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Julius K. Nyerere. Kati ya miji hiyo na Bunda zimo shule nyingi ambazo kompyuta zake hutumika zaidi kwa kuandika barua na matokeo ya mitihani. Walimu wa fizikia na wa hisabati wa shule hizo hawahitaji kibali wala mradi ili kuomba kopo la vali kuukuu, kununua sumaku, na kugawa madawati kuwa vipande vya chuma. Pale penye kompyuta, jedwali lilelile la wastani wa jirani wawili liandikwe humo baada ya kukamilika ubaoni, na vipande viongezwe kutoka kumi hadi elfu. Na pale pasipo na kompyuta, mwanafunzi apelekwe kwa fundi siku ambayo shafti ya mashine imeletwa. Hesabu ya mraba wa tofauti inaweza kukamilika katika ukurasa wa nyuma wa daftari mkaa ukiwa bado unashika moto.